Kuishika Hatamu Ndoto ya Dhiki



Katika darsa za akina mama tunazosomesha Kibera na Kawangware kila tupandapo Nairobi, swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni la ndoto. Mirathi na talaka huja baadaye. Huulizwa mwishoni, vitabu vikishafungwa, na muulizaji husubiri kwanza wenzake wapungue. Aliyeota njema hana haja nasi, hurudi kwake akiwa radhi. Anayebaki nyuma ni yule mwenye ndoto inayojirudia: nyumba inabomolewa, moto unawaka, mtoto hapatikani sokoni, maiti anakataa kuzikwa. Anachotaka kujua ni kimoja: "Maalim, naweza kuizuia?"

Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa ndoto ni za namna tatu: iliyo bishara kutoka kwa Mola, iliyo vitisho vya shetani, na iliyo mazungumzo ya nafsi, yaani yale mtu aliyoshughulika nayo mchana yakamfuata kitandani. Watu wetu wanazikumbuka sana mbili za mwanzo na kuisahau ya tatu. Akishtuka mtu usiku, asubuhi anatafuta aliyemroga. Pesa iliyotoka mifukoni mwa maskini wa Kibera na Kawangware kwa sababu ya kuisahau namna hii ya tatu, sisi tumeshaiona ikihesabiwa mbele ya macho yetu, noti kwa noti, kumlipa mtu aliyedai kusoma ndoto katika bakuli la maji.

Sisi wenyewe tulikuja kuielewa namna hii ya tatu mwaka 2020. Tulikuwa Kibera, katika chumba karibu na Makina, tukingoja kurudi Mombasa kwa ajili ya Ramadhani. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa kwa sababu ya korona, na siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi nazo zikafungwa. Misikiti ilikuwa imekwisha fungwa, na kafyu ilitukuta ndani kila jioni. Katikati ya Ramadhani mama yetu mzazi akafariki dunia Mombasa. Maiti wa Kiislamu hangojeshwi. Kabla hatujapata ruhusa ya kusafiri, alikuwa amekwisha oshwa, akakafiniwa na kuzikwa, nasi tulimsalia sala ya ghaibu, kama madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanavyoruhusu, juu ya mkeka katika chumba cha mabati, peke yetu.

Ndoto ikaanza usiku wa tatu. Tumesimama kando ya barabara ya Mombasa, mahali panapofanana na Mtito Andei. Jeneza linapita mabegani mwa wanaume tusiowajua nyuso. Tunataka kwenda kulibeba, miguu haiendi. Tunaita, sauti haitoki. Jeneza linatokomea, nasi tunashtuka kifua kikigonga. Usiku wa pili wake ni hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka tukawa tunakiogopa kitanda. Tukakaa na msahafu mpaka daku ili tusilale. Usingizi ukatuchukua baada ya Alfajiri, na ndoto ilikuwa ikitungoja huko.

Nyiradi za kulala tulikuwa tukizisoma bila kukosa. Tulitia udhu, tulilala ubavu wa kulia, tulisoma Ayatul Kursiyyu na zile sura tatu za mwisho tukapuliza viganjani na kujipangusa mwili. Zilitutuliza tukapata usingizi. Kilichofanyika ndani ya usingizi kilikuwa jambo lingine, nacho kilitujia kwa mlango ambao hatukuutazamia. Sisi tuna ada, kama wengi wenu, ya kuhesabu tasbihi kwa vidole baada ya kila sala, bila ya shanga. Mkono unatazamwa, pingili zinahesabiwa, thelathini na tatu mara tatu, mara tano kwa siku. Usiku mmoja mwishoni mwa Ramadhani, tukiwa katika ile ile barabara, jeneza likikaribia, tulianza kuhesabu tasbihi. Hesabu ikatimia na vidole vikabaki. Tukautazama mkono: vidole vilikuwa vimejazana kama mkungu wa ndizi. Ndipo tukajua, kwa yakini iliyo wazi kama ya mchana, kwamba huo haukuwa mkono wetu na kwamba tulikuwa tumelala.

Hofu haikuondoka. Lakini miguu ilifunguka. Ilitupitia akilini kwamba, kwa kuwa hii ni ndoto, tungeweza kulisimamisha jeneza, hata kumwomba mama ainuke. Hatukutaka. Tulikwenda tukaingiza bega chini ya mti wa jeneza, tukachukua uzito wake, tukatembea na wale wanaume hatua labda kumi. Hakuna aliyegeuka kututazama. Tulipoamka mto ulikuwa umelowa machozi, na adhana ya Alfajiri ilikuwa ikitoka katika kipaza sauti cha msikiti usio na watu ndani. Ndoto ile ilitujia tena mara mbili, hafifu, kisha ikakoma. Njia zilifunguliwa tarehe 7 Julai, tukateremka kwenda kulizuru kaburi.

Tulipomhadithia hayo mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, alicheka kwa furaha. Akatuambia kuwa jambo hilo lina wasomi wake. Daktari wa Kiholanzi, Frederik van Eeden, aliliandikia mwaka 1913 akalipa jina: ndoto ambayo mwotaji anajua kuwa anaota. Wengi walilikataa, wakasema mtu huyo huwa ameamka kidogo tu na kujidanganya. Kisha mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alimlaza mtu mmoja, Alan Worsley, akiwa amefungwa nyaya za kupima ubongo na macho. Katika usingizi wa ndoto mwili wote hulegea isipokuwa macho na pumzi. Waliagana kwamba Worsley, akijitambua ndotoni, azungushe macho kushoto na kulia mara nane. Akafanya hivyo, na mashine ikaandika. Baada yake Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya kama hayo na akaeleza namna ya kujifunza. Moja katika njia zinazofundishwa ni kujizoeza mchana kuukagua mkono au maandishi, kwa kuwa vitu hivyo havitulii ndotoni. Tuliposikia habari ya mkono tulinyamaza kwa muda.

Wala Waislamu hawakungoja Hull. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufia Misri mwaka 1406, anaeleza katika Mukaddima yake habari za watu waliokuwa wakitamka maneno fulani kabla ya kulala na kuitaja haja yao ili waioneshwe usingizini. Anasema yeye mwenyewe aliyajaribu na akaona mambo ya ajabu. Hatuwashauri wasomaji kuyatafuta maneno hayo, maana asili yake ni vitabu vya sihiri. Ila hukumu anayoifunga nayo ni ya mtu mwenye akili pana: kukusudia hakuumbi ndoto, kunaitayarisha nafsi tu, na mwenye kujitayarisha huenda akapata na huenda akakosa. Hiyo ndiyo kauli tunayoitegemea. Qur'ani, katika sura ya Zumar, inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi katika kulala kama anavyozichukua katika kufa, akaizuia aitakayo na kuirudisha aitakayo. Usingizi si milki yetu. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna tunavyouingia.

Na hapa tuje kwa mama mmoja wa Kibera, Mnubi, ambaye ametupa idhini ya kusimulia bila kumtaja jina. Wanubi wamekaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita, wazee wao walipokuwa askari wa King's African Rifles. Jina lenyewe la mahali limetoka katika neno lao kibra, yaani msitu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288, mwaka 2017. Mama huyu alikuwa akikaa kwa kupanga nje ya ekari hizo. Julai 2018 tingatinga zilipopita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, nyumba yake ilikuwa katika njia. Alipata kutoa watoto, godoro na sufuria. Alihamia karibu na reli, na kila gari la moshi lilipopita kabla ya mapambazuko, ukuta ulitetemeka, naye ndotoni alisikia tingatinga. Alipotujia, mbele ya ustadha wa madrasa yao, miaka mitatu ilikuwa imepita. Alikuwa akiwapigia watoto kelele mchana kutwa kwa kukosa usingizi, na mumewe amekwisha hamia chumba cha pili.

Hatukumfundisha kujitambua ndotoni, maana mtu aliyechoka kiasi kile hapewi kazi mpya usiku. Tulimfundisha jambo jepesi zaidi ambalo muuguzi wetu alitueleza. Daktari Barry Krakow wa Marekani aliwafundisha wanawake waliopatwa na dhuluma kubwa ya miili yao, na utafiti wake juu ya wanawake 168 ulichapishwa mwaka 2001: mtu aichukue ndoto yake mbaya, aibadilishe akiwa macho kwa namna aipendayo mwenyewe, kisha aipitie hiyo mpya moyoni kila siku kwa dakika chache. Wengi miongoni mwa waliofundishwa hivyo ndoto zao zilipungua. Tukamwuliza mama yetu: katika ndoto hiyo, ungependa kufanya nini? Tulidhani atasema kulisimamisha tingatinga. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema: "Nataka kuvitoa vile vikapu vya mama." Vilikuwa vikapu vya Kinubi vya rangi, alivyofuma marehemu mama yake, vimetundikwa ukutani. Katika haraka ya siku ile vilisahaulika, vikaenda na ukuta.

Basi kila siku baina ya Magharibi na Isha, akishaleta nyiradi zake, alifumba macho akaingia nyumba ile kwa mlango wa mbele, akavitungua vikapu kimoja kimoja, akavihesabu, akatokea nyuma. Tingatinga alikuwa akiliacha lifanye litakalo. Ustadha alimkalia wiki ya kwanza asije akazidiwa. Mwezi wa pili alituletea habari: ndoto imekuja, na vikapu alikuwa navyo mkononi. "Nyumba iliisha, Sheikh," alituambia, "lakini sikulia." Hivi sasa ndoto humjia kwa nadra. Gari la moshi bado linapita.

Tumeona tueleze pia habari ya saa. Wataalamu wanasema usingizi huja kwa mizunguko ya kama dakika tisini, na sehemu ya ndoto hurefuka kadiri usiku unavyokwenda. Aliyeamka baada ya saa tano hivi akakaa kidogo kisha akarudi kulala, ndoto zake huwa wazi mno na hujitambua kwa wepesi zaidi. Mwenye kuijua sala ya Nabii Daudi (a.s.) atatabasamu: alilala nusu ya usiku, akasimama theluthi yake, akalala sudusi iliyobaki. Akina mama mnaoamka kupika daku mnajua jinsi ndoto za baada yake zilivyo na rangi. Hatusemi mtu asali usiku ili apate ndoto. Hiyo ni biashara mbovu. Tunasema tu kwamba aliyezoea kuamka saa hiyo, akaomba, kisha akajilaza akikusudia moyoni, "nikiiona tena ile njia, nitajua kuwa nimelala," amejiweka mahali pazuri.

Yapo ya kutahadhari. Mwenye maradhi yanayomchanganyia yaliyo kweli na yasiyo kweli asijaribu haya. Aende kwa daktari. Kadhalika mwenye kuota mpaka akapiga walio karibu naye, na mwenye kutamani kufa. Anayekabwa na jinamizi, yaani kuamka akili huku mwili ukiwa bado umelegea, ajue kuwa hupita, na aanze kwa kuchezesha kidole kimoja. Anayetafuna miraa mpaka saa nane za usiku kisha akalalamikia majini, huyo tumwache kwanza. Wala pasiwe na mtu wa kuzusha ndoto asiyoiota: imepokewa onyo kali juu ya hilo, kwamba atakalifishwa siku ya Kiyama kufunga fundo baina ya punje mbili za shayiri, naye hataweza.

Linalotusumbua zaidi ni ndoto kugeuzwa ushahidi. Tumepata kusikiliza kesi ya mke aliyerudishwa kwao kwa sababu mumewe aliota anamlisha kitu. Ndoto haimfungi mtu katika sharia. Haithibitishi deni, wala zinaa, wala uchawi. Hata Nabii Yusuf (a.s.), ambaye ndoto yake ilikuwa haki tupu, baba yake alimwambia asiwasimulie ndugu zake.

Hilo lilituhusu kwa karibu Kawangware. Dada mmoja anayeuza nguo kule alichomewa kibanda Oktoba 2017, katika zile ghasia zilizofuata uchaguzi wa marudio. Hakumwona aliyewasha moto. Ulikuwa usiku na kila mtu alikuwa akikimbia. Alijenga tena, mambo yakatulia. Uchaguzi wa 2022 ulipokaribia, ndoto zikaanza, na ndani yake aliyeshika kibiriti alikuwa na sura: jirani yake wa meza ya pili, mwanamke wa kabila jingine aliyekuwa akimwachia watoto. Akaacha kumwamkia. Akawasimulia wateja. Mtu wa bakuli la maji akamthibitishia, kwa shilingi elfu nane. Alipotufikia alikuwa akitaka tumsomee jirani yule Albadiri.

Tulikataa, tukamweleza kwa nini. Nafsi ina hofu isiyo na uso, na usiku huiazima sura ya kwanza iliyo karibu. Tulimtaka mambo mawili: ndoto hiyo asimsimulie tena mtu yeyote, kama sunna inavyoelekeza, na akishtuka ateme mate makavu kushoto mara tatu, ajilinde kwa Mola wake, ageuze ubavu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na nguvu na hamu, tukamfundisha hesabu ya vidole na nia ya kabla ya kulala. Wiki nyingi zikapita bila kitu. Uchaguzi wa Agosti ulifanyika. Alianza kuchoka na sisi.

Mwezi wa Novemba alitutumia ujumbe wa sauti, nasi tulikuwa tumerudi Mombasa. Alisema ameiona tena ndoto, na safari hii hakuutambua kwa vidole. Aliona kibanda chake kina mlango upande wa kulia, na katika maisha upande huo ni ukuta. Akajua. Alisema alitaka kukimbia kwa mazoea, kisha akakumbuka kuwa hana haja, akaketi kizingitini akangoja kibiriti. Jirani akatokea gizani. Mkononi alikuwa na ndoo ya maji. Hakusema kitu, akaiweka chini baina yao, wakaketi wote wawili mpaka akaamka. Aliuliza: je, ni yeye aliyemletea jirani ndoo, au jirani alikuja nayo mwenyewe?

Tulimjibu kuwa hilo hatuwezi kumwambia. Tukamwuliza kama ameshamwamkia jirani huyo akiwa macho. Simu ilikaa kimya siku nzima. Usiku akaandika kwamba mwenzake alihama Septemba, amepanga meza upande wa Gatina, lakini watoto wanajua nyumba.